Kuisaili Hifadhidata: Somo kutoka Zoni ya Afya ya Komanda

Komanda ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Bunia, mwendo wa kilomita 75 hivi, hukutana hapo na ile iendayo Beni upande wa kusini na ile iingiayo msituni kuelekea Mambasa na Kisangani, na kila kipitacho katika pande hizi za Kongo, kiwe kakao, mbao, samaki wa Ziwa Albert, mkimbizi au maradhi, aghalabu hupita hapo. Mji huo ndio makao ya zoni ya afya ya Komanda, moja katika zoni 36 za jimbo la Ituri, na moja katika zoni 519 za nchi nzima. Na katika kila zoni, mwezi unapokwisha, wauguzi wakuu wa vituo huketi na rejista zao wakajumlisha waliotibiwa malaria, watoto waliochanjwa surua, wajawazito waliohudhuria na waliojifungua, kisha wakazihamishia hesabu hizo katika fomu ndefu ambayo wenyewe huiita kwa Kifaransa canevas, nayo ikachukuliwa, mara nyingi kwa pikipiki, hadi ofisi kuu ya zoni, ambako karani mbele ya kompyuta huziingiza namba hizo moja baada ya moja.

Zikisha kuingizwa, namba hizo huwekwa katika hifadhidata ya taifa, inayoendeshwa kwa programu iitwayo DHIS2, na huko hukaa katika majedwali yaliyounganishwa kwa kanuni thabiti, yakingoja kuulizwa. Elimu ya kuisaili hifadhidata ya namna hii, na ya kuipangia amri ili ifanye kazi yake pasipo kusimamiwa, ni elimu ambayo kijana yeyote aliyemaliza shule ya sekondari, awe Bunia, Mwanza au Mombasa, aweza kuipata bila ya kuwa bingwa wa hesabu. Lakini ina mahali pamoja pa hatari ambapo vitabu vingi vya mafunzo hupapita mbio, na katika zoni kama ya Komanda mahali hapo ndipo uhai wa watu unapohusika: kutofautisha kati ya jambo lililotokea mara sifuri na jambo ambalo hatukuletewa habari zake.

Asili ya majedwali haya yafaa ijulikane, japo kwa muhtasari. Mwezi wa Juni 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1923 na kupata kuwa rubani katika Vita vya Pili vya Dunia, naye wakati huo akiwa mtumishi wa kampuni ya IBM huko San Jose, Marekani, alichapisha makala yaliyobadili namna ya kuhifadhi taarifa. Kabla yake, aliyetaka kupata habari katika kompyuta ilimpasa aijue njia ya kuifikia, aanzie wapi, apitie tawi gani, ashuke hadi wapi, na mpango wa kuhifadhi ukibadilishwa, programu zote zilizoandikwa kwa kufuata njia ile ya zamani huharibika. Codd alisema kwamba taarifa zote na ziwekwe katika majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, na mwulizaji aseme anachokitaka tu, njia ya kukipata aiachie mashine. Wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitunga mwaka 1974 lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo leo huitwa SQL. Boyce alifariki mwaka uo huo angali kijana, asiyaone matunda yake. IBM yenyewe ilisitasita, kampuni ndogo ambayo leo dunia inaijua kwa jina la Oracle ikaitangulia sokoni mwaka 1979, na katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Michael Stonebraker na wanafunzi wake walijenga mfumo ambao kizazi chake, PostgreSQL, hutolewa bure kwa yeyote autakaye.

PostgreSQL hiyo ndiyo iliyo chini ya DHIS2. Na DHIS2, kwa msomaji wa Afrika, si mgeni kabisa, kwa maana mzizi wake uko Cape Town, katikati ya miaka ya 1990, wakati Afrika Kusini iliyotoka katika ubaguzi ilipohitaji kuziunganisha huduma za afya zilizogawanywa kwa rangi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo wakashirikiana na wenyeji, mfumo ukakua, Zanzibar ikauchukua mapema, Kenya ikaueneza nchi nzima mwaka 2011, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa mojawapo ya vituo vya wataalamu wake. Kongo iliupokea katika muongo uo huo.

Sasa tuingie katika jedwali lenyewe. Mstari mmoja hubeba habari za kitu kimoja, safu moja hubeba sifa ya aina moja, na kila mstari sharti uwe na alama ya kuutambulisha isiyofanana na ya mwingine, ambayo wenye fani huiita ufunguo. Mwanafunzi akisikia hivyo mara ya kwanza hudhani kwamba jina la mtu latosha kuwa ufunguo. Katika Ituri na Kivu ya Kaskazini dhana hiyo haimalizi hata asubuhi moja, kwa sababu Wanande, waliotapakaa kwa kilimo na biashara toka Butembo na Beni mpaka Komanda, huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Ukiandika Kambale katika orodha umemtaja mtoto wa kiume wa pili wa nyumba fulani, na nyumba zenye mtoto wa pili wa kiume hazihesabiki. Umri nao hausaidii sana pale ambapo watu wengi huukadiria, wala kijiji hakisaidii pale ambapo watu wamehamahama kwa ajili ya vita.

Kadhia hiyo ilijaribiwa kwa ukali wakati wa Ebola. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko katika Kivu ya Kaskazini, nao haukukawia kuingia Ituri na kufika Komanda; ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470, na waliofariki miongoni mwao walikuwa 2,287. Njia kuu ya kuukata ugonjwa ule, pamoja na chanjo, ilikuwa kumtafuta kila aliyemgusa mgonjwa na kumtazama kwa siku 21 mfululizo. Basi mtu mmoja akiandikwa mara mbili kwa tahajia mbili, hesabu ya watu wanaofuatiliwa huzidi. Na watu wawili wenye jina moja wakifanywa mmoja, hesabu hupungua, na yule aliyepungua ndiye asiyetembelewa na mtu. Ndiyo maana katika hifadhidata iliyopangwa vyema kila mtu hupewa namba yake siku ya kwanza, nayo hubaki namba yake hata jina likisahihishwa, hata akihama, hata akiolewa.

Siku zile 21 zina somo jingine. Mwanafunzi akiambiwa apange jedwali la ufuatiliaji, karibu kila mara atachora safu ya jina, kisha safu 21 zinazofuatana, siku ya kwanza hadi ya ishirini na moja, kama ilivyo katika karatasi. Karatasi ina udhuru wake, maana jicho hupenda kuona kila kitu upande kwa upande; lakini kompyuta ukiuliza ni nani hakuonekana kwa siku mbili mfululizo, italazimika kupekua safu 21 kwa masharti marefu yasiyosomeka, na ugonjwa mwingine ukitaka siku 42, jedwali zima litavunjwa. Kwa mtazamo wa Codd, watu huwa na jedwali lao, na ziara huwa na jedwali lao, kila ziara mstari mmoja: namba ya mtu, tarehe, na kilichokutwa. Tena kilichokutwa lazima kiwe na nafasi ya kusema “ameonekana, hana homa”, ya kusema “ameonekana, ana homa”, na ya kusema “tulifika, hatukumkuta”. Kisha inabaki hali ya nne, isiyoandikwa na mtu: hakuna mstari kabisa. Hakuna aliyekwenda, au aliyekwenda hakuleta taarifa.

Hali hiyo ya nne ndiyo niliyoitaja kuwa mahali pa hatari, na njia iliyo bora ya kuieleza ni kuitazama kwa karibu. Tuseme tuna majedwali mawili ya kubuni, moja la vituo vya afya na jingine la ripoti za kila mwezi, nasi twataka kujua wagonjwa wa malaria wa mwezi wa Agosti. Swali la kwanza ambalo kila mwanafunzi huandika ni hili:

SELECT kituo.jina, ripoti.malaria
FROM kituo
JOIN ripoti ON ripoti.kituo = kituo.namba
WHERE ripoti.mwezi = '2025-08';

Maana yake ni bayana: chagua jina la kituo na idadi ya wagonjwa, ukiunganisha majedwali mawili pale namba ya kituo inapolingana, kwa mwezi huo tu. Tuwe na vituo vitatu. Mwezi wa Julai vilileta wagonjwa 140, 95 na 180, jumla 415. Mwezi wa Agosti vituo viwili vya kwanza vimeleta 150 na 100, na cha tatu hakikuleta kitu, kwa kuwa watu wa eneo lake wamekimbia na muuguzi amekimbia nao. Amri ya JOIN huchukua tu mistari iliyopata mwenzake katika jedwali la pili. Kwa hiyo kituo cha tatu, kisicho na ripoti, hakiwekewi hata nafasi tupu, kinatoweka katika jibu kana kwamba hakijapata kujengwa. Jumla ya Agosti ni 250. Atakayechora mstari wa kulinganisha miezi miwili ataona malaria imeshuka kwa karibu asilimia 40, atafurahi, pengine atapunguza dawa. Ilhali katika vituo viwili vilivyoleta habari malaria imepanda kutoka 235 hadi 250, na katika kile cha tatu hakuna ajuaye. Mashine haikusema uongo. Imejibu barabara swali lililoulizwa, nalo lilikuwa juu ya waliosema, si juu ya waliopaswa kusema.

Dawa yake ni kuanzia katika orodha ya vituo vyote na kuyaomba majedwali yaunganishwe bila ya kumwacha aliyekosa mwenzake, kwa amri ya LEFT JOIN. Hapa tena pana mtego ambao nimeona umewanasa hata watu wenye shahada: sharti la mwezi likiachwa katika WHERE kama hapo juu, kituo kisicho na ripoti kitarudishwa na muungano, kisha kitafutwa na sharti, maana mwezi wake ni mtupu na hauwezi kulingana na Agosti. Sharti hilo lapasa kuhamishiwa ndani ya muungano wenyewe. Na ukitaka orodha ya vituo vilivyonyamaza, basi, utaandika hivi:

SELECT kituo.jina
FROM kituo
LEFT JOIN ripoti ON ripoti.kituo = kituo.namba
  AND ripoti.mwezi = '2025-08'
WHERE ripoti.kituo IS NULL;

Neno NULL katika mstari wa mwisho ndilo alama ya utupu, nalo lina tabia zinazomshangaza kila anayeanza. Si sifuri wala si neno tupu. Ni tangazo kwamba thamani haijulikani. Kwa sababu haijulikani, hailingani na chochote, hata na NULL nyingine, na ukiuliza kama ni sawa na 5 hujibiwi ndiyo wala hapana, bali hujibiwa kuwa haijulikani. Ndiyo maana huandikwa IS NULL badala ya alama ya usawa. Wastani wa vituo vyetu vitatu kwa Agosti, ukiachiwa mashine iutafute, ni 125, kwa kuwa hugawanya kwa waliojibu peke yao. Ukiigeuza NULL kuwa sifuri, kama wengi wafanyavyo ili jedwali lipendeze machoni, utapata 83. Namba mbili zilizoachana hivyo, kutoka katika vituo vile vile na mwezi ule ule, na kila moja yaweza kuwekwa mbele ya mkubwa bila ya maelezo.

Msomaji asidhani kwamba haya ni masuala ya darasani tu. DHIS2 yenyewe, kwa mpango wake wa kawaida, haihifadhi sifuri: karani akiandika 0 mahali pa vifo vya uzazi, mfumo hauweki mstari wowote katika jedwali liitwalo datavalue, isipokuwa pale wasimamizi walipoagiza kwamba kwa kipimo hicho sifuri ina maana na ihifadhiwe. Sababu yake si ya kipuuzi, kwa kuwa fomu za afya zimejaa sifuri, na kuziweka zote kungeifanya hifadhidata ya taifa iwe nzito bure. Lakini tokeo lake ni kwamba anayelisoma jedwali hilo peke yake, akikuta pengo, hawezi kujua kama ni kituo kilichokuwa na mwezi wa heri au ni kituo kilichonyamaza. Habari hiyo hukaa kwingine, katika jedwali la completedatasetregistration, ambamo huandikwa kituo gani kimetangaza kuwa fomu yake imekamilika na kwa mwezi upi. Kwa maoni yangu, mtu ambaye hajajua kuyasoma majedwali hayo mawili kwa pamoja bado hajajua kuisoma hifadhidata ya afya, hata akiwa mahiri wa michoro ya rangi. Wataalamu wa maradhi ya kuambukiza walikwisha kulifahamu jambo hili zamani: taratibu zao hudai kwamba kituo kisicho na mgonjwa kilete ripoti ya sifuri, wala kisikae kimya.

Na Komanda ina sababu zake za kulishika jambo hili. Tarehe 27 Julai 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la ADF waliwashambulia waumini waliokuwa wakikesha katika kanisa katoliki la mji, wakaua makumi ya watu. Na kila baada ya shambulio la namna ile, mjini au vijijini, watu huhama, ripoti huchelewa, na namba za mwezi unaofuata hushuka kwa sababu isiyohusiana hata kidogo na afya.

Kuuliza ni nusu ya elimu. Nusu ya pili ni kuipangia hifadhidata amri za kujilinda. Jedwali laweza kuambiwa tangu kuzaliwa kwake kwamba safu ya umri haipokei namba iliyo chini ya sifuri, kwamba kituo kimoja hakileti ripoti mbili za mwezi mmoja, na kwamba hakuna ripoti ipokelewayo kutoka kwa kituo kisichokuwa katika orodha ya vituo. Ukisha kuyaweka masharti hayo, karani aliyechoka saa kumi na moja jioni hukataliwa kosa lake papo hapo, badala ya kukosolewa Kinshasa miezi mitatu baadaye. Swali refu lililoandikwa vyema laweza kupewa jina na kuhifadhiwa, likaitwa kila mwezi kana kwamba ni jedwali. Na shughuli zenye hatua nyingi hufungwa pamoja, ama zitimie zote, ama isitimie hata moja, jambo ambalo watumiaji wa Airtel Money na Orange Money hulitegemea kila siku bila ya kulijua: fedha hazitoki kwa mtumaji mpaka iwe hakika zimemfikia mpokeaji, na umeme ukikatika katikati, salio hurudi kama lilivyokuwa.

Kwa anayetaka kujifunza, vifaa si kizuizi kikubwa. SQLite, iliyotungwa na Mmarekani Richard Hipp mwaka 2000, imo ndani ya kila simu ya Android. Katika kompyuta ni programu ndogo isiyohitaji seva wala intaneti, na hifadhidata yake nzima ni faili moja iwezayo kubebwa katika flashi. Kompyuta kuukuu na paneli ya jua vyatosha. Mtumishi wa zoni haruhusiwi kuugusa moja kwa moja mtambo wa taifa, wala si vyema aruhusiwe, lakini namba za zoni yake aweza kuzipakua na kuzipanga upya katika majedwali yake mwenyewe, akajifunzia humo bila ya kumdhuru mtu. Mimi ningemshauri aanze kwa penseli, achore majedwali na mistari ya kuyaunganisha kabla hajaigusa kibodi, na ningemwepusha na mwalimu anayefungua somo kwa nadharia ya hatua za usanifu wa majedwali. Nadharia hiyo ni ya kweli na ina faida yake, ila humwingia mtu vizuri akisha kuumizwa na jedwali baya alilolipanga kwa mkono wake. Maneno yenyewe ya SQL ambayo hutumika kila siku hayazidi ishirini. Kinachochukua muda ni kuzoea kulitazama kila jibu kwa kuuliza ni mistari mingapi ilipaswa kuwamo, na kuihesabu kabla ya kuamini jumla.

Zoezi ambalo ningelitoa la mwisho ni hili: tafuta vituo vilivyonyamaza miezi mitatu mfululizo. Halipatikani kwa jedwali la ripoti pekee, kwa kuwa miezi isiyoripotiwa haimo humo. Inampasa mwanafunzi atengeneze kwanza jedwali la miezi, alizidishe na jedwali la vituo apate kila kituo kwa kila mwezi, ndipo aunganishe ripoti kwa LEFT JOIN na kuzihesabu zilizokosekana. Jibu litakuwa orodha fupi ya majina. Hifadhidata haitasema kwa nini kila kimoja kimenyamaza, kama ni muuguzi aliyekimbia, fomu zilizokwisha, au canevas iliyolowa mvua njiani. Hapo mkuu wa zoni huchukua simu, na simu isipopatikana, hutafuta mtu wa kwenda.